Sauti ya Fundi wa Zipu

Kwa miaka mingi kuna watu hii Nairobi waliamini kwamba mimi na fundi wa zipu tukikutana uso kwa uso, lazima mmoja wetu azikwe. Walikuwa wanatusikia asubuhi tukirushiana maneno kwenye redio ya umma, kwa kile kipindi cha mjadala: habari za mtaa, mazingira, siasa, mpaka mambo ya wachongaji na waigizaji. Mimi nilijulikana kama yule jamaa wa viatu wa Adams Arcade, pale kwenye maduka ya Ngong Road. Yeye alikuwa yule mzee wa zipu. Kumbe tulikuwa tunakaa benchi moja, na benchi lenyewe fupi, hivi kwamba mmoja akipiga chafya, mwingine ndiye anatafuta leso.

Mimi nashona viatu. Yeye alikuwa anatengeneza zipu, miavuli na mabegi ya watoto wa shule. Mwavuli wetu wa kuzuia jua ulikuwa umepasuka, na watu walipenda kumuuliza fundi wa miavuli ni nini hiyo iko juu ya kichwa chake. Aliwajibu kwamba hata kinyozi hanyolewi na mkono wake. Redio ilikuwa yake, betri zilikuwa zangu, na hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yetu.

Ngoja niwaeleze vile mtu huingia hewani, kwa sababu wengi hufikiri unapiga tu. Unapiga, laini iko bize. Unapiga tena, iko bize. Unapiga mpaka kidole kinaota sugu kama kisigino cha mlinzi. Ukibahatika, msichana wa studio anapokea, anakuuliza uko upande gani, anakuambia usubiri, na unasubiri ukisikia kipindi kwa mbali ndani ya simu. Hapo huwezi kukata, na mtu mwingine akikutafuta, hata kama nyumba yako inaungua, ataambiwa unaongea. Kisha mtangazaji anakukaribisha, na neno la kwanza ni lile lile: punguza redio yako. Kwa sababu redio ikikaa karibu na simu inalia kama paka amekanyagwa. Kwa hivyo mmoja wetu akiingia hewani, mwenzake alikuwa anabeba redio anaenda nayo ng'ambo ya barabara, pale magari yanaegeshwa, anakaa kwa ukuta mfupi anasikiliza. Na redio huchelewa. Unasema neno hapa, linaenda studio, linazunguka kwa mitambo yao, ndio linamfikia mtu. Nilikuwa namtukana, namaliza, natulia, na ndipo naona mabega yake kule ng'ambo yakianza kutikisika.

Tuligundua mapema kwamba redio haipendi watu wanaokubaliana. Ukimwambia yule msichana kwamba unakubaliana na aliyetangulia, utasubiri mpaka uote mvi. Kwa hivyo tulikuwa tunagawana. Tukisikia mada ya leo, mmoja anachukua serikali, mwingine anachukua mwananchi. Mimi ni mtu wa Dagoretti, babu yangu alizikwa huko kabla lami haijafikiriwa. Yeye alitoka magharibi, kwenye vilima vya kwao. Wasikilizaji walitaka kila mtu atetee watu wake, basi siku zingine tulibadilishana: mimi natetea mheshimiwa wa kwao, yeye anatetea wa kwetu, na nusu ya nchi inakuna kichwa.

Kuna siku mada ilikuwa wasanii, vile hawalipwi na hawaheshimiwi. Nikasema hewani kwamba mchongaji mmoja wa Ngong Road alinitumia mimi kama mfano wa sanamu ya shujaa juu ya farasi. Hata vipimo vya kifua nilitoa. Fundi wa zipu akangoja zamu yake, akaingia, akanyamaza kidogo vile alikuwa anafanya kabla ya kupiga mtu, ukafikiri simu imekatika. Kisha akasema, "Huyo jamaa wa viatu hadanganyi. Sanamu mimi nimeiona. Yeye ndiye farasi."

Watu waliniita Farasi mpaka mvua ikaisha.

Hiyo sauti yake ndiyo nataka muisikie, na sijui nitaiandika vipi. Ilikuwa nzito na ya polepole, kama watu wanapandisha kabati kwa ngazi. Na akimaliza, hata kama mada ilikuwa takataka za mtoni ama wizi wa kaunti, alikuwa anafunga namna moja: "Na mama yangu kule nyumbani, nimekula."

Mtangazaji alipenda hiyo sana. Alikuwa anamuuliza amekula nini leo, naye anajibu ni siri ya serikali.

Mama yake alikuwa huko kwao, mzee, na redio yake imening'inia kwa msumari jikoni. Huyo mama alikuwa amezika watoto wake wengine wote. Alibaki na huyu mmoja tu wa zipu. Simu alikuwa nayo lakini hakuiamini. Mwanawe aliniambia sababu, na mimi mpaka leo sijaona mwalimu wa kuipinga: mama alisema simu humwambia mtu mambo pembeni, na mambo ya pembeni ndiyo ya uongo. Lakini redio mtu anasema mbele ya nchi yote. Nani anaweza kudanganya mbele ya nchi yote? Kwa hivyo mtoto akitaka mama yake alale vizuri, apige redio.

Kisha sauti ya fundi wa zipu ikaanza kukwaruza kama redio iliyo katikati ya stesheni mbili. Nilimcheka. Nilimwambia kabati limekwama kwa ngazi. Alikunywa asali, alikunywa tangawizi, alikunywa vitu ambavyo hata mbuzi angevikataa. Mke wake akamburuta hospitali, ile kubwa ya serikali huko Upper Hill, na madaktari wakaona kitu kooni. Walipomaliza kuhangaika naye walikuwa wameokoa maisha yake kwa muda na kutoa kile kisanduku cha sauti. Walimwachia tundu hapa chini ya shingo, na mpira wa kupitisha maziwa.

Alirudi kwa benchi. Alifunga leso shingoni kama skauti, akachukua begi la kwanza, akaanza kutengeneza zipu. Wateja waliongea na yeye kwa sauti ya juu, kana kwamba ni masikio yametolewa. Mimi nilifanya mzaha kwamba sasa nitashinda mijadala yote, na yeye akanipiga kidogo na mwavuli mgongoni, na tukaendelea.

Lakini ile redio ilimsumbua. Mtangazaji aliuliza hewani siku moja: mzee wa zipu amepotelea wapi? Watu wakapiga simu kumuulizia, mwingine kutoka Kangemi, mwingine kutoka Thika. Akajaribu kutuma ujumbe wa simu. Ukasomwa, lakini mtangazaji alisoma maneno yake kama mtu anasoma risiti ya supamaketi, na ile kunyamaza kabla ya kupiga haikuwepo. Alizima redio mwenyewe. Sikuwa nimewahi kumuona akizima redio.

Kesho yake alichukua chaki yangu, ile ya kuchora soli, na kipande cha mpira wa tairi. Mimi shule niliiona nikipita, nasoma kama mtu anavuka matope. Aliandika, nikasoma polepole: mama anasikiliza. Halafu akanyoosha kidole kwa mdomo wangu.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mama hakuwa ameambiwa. Alijua tu kijana ana kikohozi. Fundi wa zipu aliona kwamba akiambiwa kuna tundu kwa shingo ya mtoto wa mwisho, hata jioni hataifikia. Na mama alikuwa anakaa jikoni asubuhi baada ya asubuhi, anangoja sauti, na sauti ilikuwa ndani ya ndoo fulani ya hospitali.

Tulifanya mazoezi. Mimi naongea kama yeye, yeye ananiongoza na mkono kama mwalimu wa kwaya: kiganja chini, maana yake punguza mwendo, ngumi, maana yake nzito zaidi. Nilipokosea alifunga macho kama mtu amelamba ndimu. Mama wa chai aliye karibu na sisi alifikiri mmoja wetu amerukwa na akili na mwingine anamtibu. Siku nilipopata ile sauti kamili, alitulia. Alinitazama muda mrefu, halafu akaweka mkono kwa leso yake, pale shingoni. Sikupenda kumwangalia.

Nikapiga. Mtangazaji aliposikia alipiga kelele za furaha, ati mzee wa zipu amefufuka. Mada ilikuwa miti ya kando ya Ngong Road ambayo ilikatwa ili barabara ipanuliwe. Niliongea polepole mpaka nikachoka mimi mwenyewe. Nilitukana jamaa wa viatu vizuri. Na mwisho nikasema, na mama yangu kule nyumbani, nimekula.

Halafu nikageuka kutazama ng'ambo. Alikuwa kwa ule ukuta mfupi, redio kwenye sikio, na sauti ilikuwa haijamfikia. Nikangoja. Nikaona inamfikia. Hakutikisika mabega. Aliinama tu akaweka paji la uso juu ya redio.

Kuanzia hapo nilikuwa watu wawili. Nilikuwa napiga kama mimi nasema upuzi wangu, halafu baadaye nachukua simu ya mke wake napiga kama yeye najijibu. Na kwa sababu yeye alikuwa ananitazama, na kwa sababu mama alikuwa anasikiliza, yeye ndiye alishinda. Nilijipiga mimi mwenyewe mbele ya nchi yote. Wasikilizaji walianza kunihurumia. Jamaa mmoja kutoka mji wa Kikuyu alisema kwamba jamaa wa viatu amezeeka, aachie vijana. Nilienda nyumbani nikanuna, kumbe ni mimi nilijitungia hizo hoja zilizoniua.

Mke wake, ambaye mimi humwita shemeji, hakupenda. Siku moja alileta maziwa ya mpira pale kwa benchi, akanikuta nimemaliza kusema nimekula, na mume wake yuko hapo mbavu zinahesabika ndani ya shati. Alisema tu, polepole, "Shemeji, hii kitu itatushinda kuizima." Mimi nilimjibu na mzaha gani sijui. Nilikuwa na mzaha kwa kila kitu.

Baridi ilipoingia, ugonjwa ulirudi, na akalazwa tena Upper Hill. Alienda na ile redio na waya za masikioni. Niliendelea kupiga kutoka Adams, sasa kwa simu yangu mwenyewe kwa sababu shemeji alikuwa na yake hospitali, nikijua yuko kitandani anasikia. Jioni nikienda kumuona alikuwa ananipa alama na vidole, kama mwalimu: leo vizuri, leo hapana, leo umemtukana jamaa wa viatu kidogo sana.

Asubuhi hiyo ninayokumbuka, mada ilikuwa miti tena. Watu walikuwa wamerudi na misumeno. Nilianza kupiga mapema na nikapata laini, nikaambiwa ningoje, na nikangoja sana kwa sababu kulikuwa na mheshimiwa studio na waheshimiwa hawamalizi. Niliwekwa hapo, simu kwenye sikio, nashona kiatu kwa magoti. Halafu nikaingia.

Mimi nimeongea upuzi mwingi maisha yangu lakini siku hiyo niliongea vizuri. Nilimwambia mheshimiwa kwamba mti huchukua maisha ya mtu kukua na msumeno huchukua chai moja, na kwamba barabara pana bila kivuli ni sahani kubwa bila chakula. Nilinyamaza pale alikuwa ananyamaza. Mheshimiwa akaomba maji. Nikamaliza: na mama yangu kule nyumbani, nimekula.

Nikageuka kutazama ng'ambo, mazoea tu. Kwa ukuta mfupi kulikuwa na mtu simjui, anakula ndizi.

Simu ikalia hapo hapo. Ni shemeji.

"Umemaliza?" akaniuliza.

Nikamuuliza kama ameisikia. Nilitaka sifa, Mungu anisamehe.

"Nimeisikia. Niko hapa na daktari. Soja wa mlangoni amefungua redio. Ameenda, shemeji. Ameenda kabla ya chai ya asubuhi. Nimekutafuta, nimekutafuta, naambiwa unaongea."

Mtu aliyekuwa ananingoja nimshonee kiatu alisimama na mguu mmoja muda mrefu sana siku hiyo.

Hiyo ingetosha kuwa mbaya. Lakini shemeji, alipokosa kunipata, alikuwa amefanya vile inavyotakiwa: alipigia mpwa wa baba mkwe wake huko nyumbani ili aende kumwambia mama. Mpwa akaenda. Wanawake wa karibu wakafika, moto mkubwa ukawashwa nje, mtu akaanza wimbo. Mama alikuwa bado hajalia, amekaa tu kwa kiti, hajaelewa. Na kule jikoni redio ilikuwa kwa msumari wake, inaendelea. Ndipo mtoto wake akatoka hapo ndani akaanza kuongea juu ya miti.

Tuliambiwa na watu waliokuwepo. Mama alisimama. Alisikiliza mpaka mwisho, mpaka pale kwa chakula. Halafu akachukua maji ya kupikia akamwaga kwa moto wa matanga. Alifukuza kila mtu. Huyo mpwa alikuwa na mzozo na yeye juu ya mpaka wa shamba, na mama alimwambia mbele ya wote kwamba anataka kumzika mtoto wake akiwa hai ili achukue udongo. Wazee walimpigia simu, watu wa kanisa nao wakampigia. Aliwaambia wote kitu kimoja: simu ni ya pembeni. Mimi nimemsikia mbele ya nchi yote, saa hii hii, na amekula.

Halafu akatuma neno kwamba anakuja Nairobi kuona kwa macho, na kumchapa yeyote anayesema mwanawe amekufa.

Jioni hiyo tulikusanyika kwa nyumba ya marehemu huko Kawangware. Watu walikuwa wanabishana nani ataenda kumpokea mama stendi ya basi na kumwambia. Mimi nilisema ni kazi ya pasta. Pasta akasema ni kazi ya familia. Familia ikatazama sakafu. Shemeji alikuwa kwenye kona na khanga kichwani, tulifikiri hasikii.

"Pasta akimwambia, atamwambia pasta awashe redio," akasema. Halafu akanitazama. "Wewe ndio ulimweka hewani, shemeji. Wewe ndio utamtoa."

Sikupata mzaha.

Mabasi ya kwao yanaingia kule River Road, na River Road mnaijua: mabomba ya maji, mashine za kuchapisha kadi, spika za duka la muziki, mikokoteni, na kila mtu anasukuma kila mtu na hakuna anayeomba msamaha. Mama alishuka akiwa amevaa nguo ya kanisa. Alikuwa mdogo, mdogo kabisa, ningemweka kwa mfuko wa aproni yangu. Alibeba kikapu na kuku ndani yake, kichwa nje, na kondakta mwenyewe alikuwa amemshika mkono kama yai.

Nikamsalimia. Nilisema tu shikamoo mama, karibu Nairobi. Akasimama, akainua kichwa.

"Wewe ni yule wa viatu," akasema.

Alinijua kwa sauti. Sikuwa nimefikiria hiyo. Huyo mama alikuwa amenisikiliza miaka yote niliyokuwa nikimtukana mwanawe.

"Ndio mama. Ni mimi."

"Amekosa mtu wa kutuma, ametuma adui?" Alikuwa anacheka. Alinipiga kidogo kwenye mkono. "Pole. Juzi alikupiga na mheshimiwa pamoja. Sahani kubwa bila chakula! Nilicheka mpaka kuku wakakimbia."

Ile ilikuwa yangu, hiyo ya sahani. Nilichukua kikapu nikamwambia tunywe chai kwanza.

Tuliingia hoteli moja ndogo, ngazi juu, meza za plastiki. Nilimwagiza chai na mandazi. Hakugusa. Alisema atakunywa mtoto akifika. Aliweka kuku chini ya meza, akakunja mikono, akaanza kunieleza vile mpwa amekuwa akisogeza mpaka usiku kwa jembe, na sasa ameona ni rahisi kusema mtu amekufa. Aliongea kwa furaha, Kiswahili chake cha kanisani, akiuliza mbona mwanawe amechelewa, ana kazi nyingi ya zipu? Nikamwambia mama, hatakuja. Akasema najua, mtu wa kazi. Nikamwambia mama, walichokuambia nyumbani ni kweli. Alinitazama vile unatazama mtoto mjinga.

"Nimemsikia," akasema.

"Ndio, mama."

"Nimemsikia baada ya hao kuniambia. Sasa nani alikuwa anaongea?"

Mimi huwa na maneno. Nina maneno ya kuuza kwa jumla na ya rejareja. Nilikaa pale na chai ikatengeneza ngozi juu, na sikuwa na hata moja langu. Kwa hivyo nikachukua yake. Nikashusha pumzi vile alinifundisha kwa kiganja, nikanyamaza kidogo vile alikuwa akinyamaza, nikaanza: mti huchukua maisha ya mtu kukua.

Mama aligeuka kutazama mlango.

Uso ulikuwa umefunguka wote, kama dirisha. Aliutazama mlango, na mimi nilikuwa naendelea, kwa sababu kama ningeacha angefikiri ameingia. Hakuna mtu aliyeingia. Polepole kichwa kikarudi, na macho yakashuka kwa mdomo wangu, yakabaki hapo.

Nilinyamaza.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Alinyoosha mkono juu ya meza, akaweka vidole kwa shingo yangu, hapa kwa koo, anasikia vile sauti inatetemeka. Mhudumu alifika na kitambaa, akaona, akarudi nyuma. Nilimaliza ile ya miti yote. Pale mwisho, pale kwa chakula, sikusema. Nilishindwa.

Aliacha mkono pale pale.

"Tangu lini?"

Nikamwambia tangu mvua ile ndefu, walipotoa koo. Nikamweleza juu ya leso, na chaki, na vile mwanawe mwenyewe ndiye aliyeomba, na vile alikuwa akisikiliza ng'ambo.

"Alikuwa anakula?"

Mtu yeyote anayenijua atawaambia ningeweza kumpikia huyo mzee karamu ya maneno hapo hapo, ugali na kuku na mboga za kwao. Nilifungua mdomo.

"Hapana, mama. Maziwa kidogo. Kwa mpira."

Alitoa mkono. Alitikisa kichwa kama mtu amepewa hesabu na imekubali. Kisha akafungua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakiweka juu ya meza, na nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Akaniuliza amelazwa wapi. Nikamwambia. Nikasema nitaita gari. Akasema hapana, atatembea, anataka miguu ijue.

Tulishuka ngazi. Mimi nilibeba kuku. Pale mlangoni, mbele ya mabomba na spika na mikokoteni, huyo mama mdogo aliweka mikono kichwani na akafungua sauti, kwa lugha yao, jina la mtoto wake, na akaanza kutembea.

Hapa kila mtu hutarajia nimwambie kwamba River Road yote ilinyamaza. Nimeisimulia hivyo mara nyingi, na watu hupenda. Haikunyamaza. Spika ziliendelea, mashine ziliendelea, mtu alitutukana kwa sababu tulikuwa katikati ya njia. Kijana mmoja tu wa mkokoteni, amebeba saruji, jasho limemjaa, alisimama akaegemeza mzigo kwa kiuno, akatungoja tupite. Mama alipita. Mimi nilifuata nyuma, na sikumsaidia kulia, kwa sababu kila nikifungua mdomo niliogopa sauti gani itatoka.